Safu ya Ushauri: Ruta Moja, Nyumba Nne na Mbega Asiyealikwa

Safu hii imepokea malalamiko yanayofanana kutoka pwani ya kusini ya Kenya, tangu Ukunda hadi Msambweni, ambayo yote yanahusu waifai, yaani njia ya kuifikisha intaneti kwenye simu na kompyuta kwa mawimbi ya redio badala ya waya, na ambayo yote yanadai kwamba intaneti hiyo, ingawa hulipiwa kila mwezi, hukataa kuvuka ua. Uchunguzi umebaini kwamba karibu kila mlalamikaji alikwisha kununua kifaa kabla ya kuuliza, jambo ambalo ni desturi ya waomba ushauri wa aina zote, wakiwemo wa ndoa.

Wa kwanza ni bwana mmoja wa Diani anayejiita Mwenye Nyumba Nne, ambaye nyumba yake imezungukwa na tatu za wageni, na ambaye ruta yake, yaani kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa kampuni na kuigawa, ameiweka chumbani mwake ili isiibwe. Amenunua ripita tatu na kuzipanga nyumba hadi nyumba, lakini wageni wa nyumba ya mwisho bado hukutwa usiku wameketi barazani kwake, simu mkononi, na mkewe ameanza kuuliza maswali.

Bwana huyu anajulishwa kwamba wageni wake hawana hatia, na kwamba mshtakiwa wa kwanza ni ukuta. Nyumba nyingi za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe, na waifai husafiri kwa masafa ya gigahezi 2.4 au 5, yaani mitikisiko bilioni 2.4 au 5 kwa sekunde, ambayo kadiri yanavyopanda ndivyo kuta nene zinavyoyameza. Paa la makuti makavu hulipitisha wimbi bila ubishi mkubwa, ilhali bati hulirudisha lilikotoka. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, huibeba intaneti maelfu ya kilomita chini ya bahari, na ni aibu kwamba safari hiyo yote hukomea kwenye ukuta wa jiko.

Mshtakiwa wa pili ni ripita yenyewe, ambayo ni kifaa kinacholisikiliza wimbi na kulirudia mbele. Ripita ya bei nafuu ina redio moja tu, nayo haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila inapoongezwa moja katika mnyororo uwezo hupungua kwa takriban nusu: megabiti 40 kwa sekunde huwa 20, kisha 10, na mgeni wa nyumba ya mwisho hupokea 5, kama salamu iliyopitishwa kwa majirani watatu, kila mmoja akimeza nusu yake.

Dawa ni waya, ingawa hakuna mlalamikaji hata mmoja aliyetaka kuusikia. Kebo ya mtandao, ambayo ndani yake mna nyaya nane za shaba zilizosokotwa jozi jozi, huhesabiwa kuwa salama hadi mita 100, na katika kila nyumba mwisho wake hufungwa kituo kidogo cha kurushia waifai. Hata ruta kuukuu iliyotupwa stoo yaweza kuifanya kazi hiyo, mradi uwezo wake wa kugawa anwani uzimwe, kwa maana kila simu inayojiunga hupewa nambari ya kuitambulisha, na mtandao wenye wagawaji wawili wa nambari huishia katika fujo ambayo fundi atalipwa mara mbili kuitatua. Vituo vyote vipewe jina moja na nywila moja, lakini kila kimoja kiwekwe kwenye chaneli, yaani sehemu ya masafa, tofauti na ya jirani yake. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 3 tu, nazo ni 1, 6 na 11, kwa hiyo kituo cha nne kirudie ile ya kituo kilicho mbali nacho zaidi.

Mwenye Nyumba Nne atashawishika kuipitisha kebo hewani, kutoka mti hadi mti, ili aokoe gharama ya mtaro. Safu hii inamsihi awakumbuke mbega. Shirika la Colobus Conservation limewatundikia wanyama hao madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani ili wasigongwe na magari, na mnyama aliyekwisha kufundishwa kwamba kilichotandazwa juu ni njia ya umma hawezi kulaumiwa akiikanyaga kebo ya mtu binafsi pamoja na jamaa zake wote. Kebo na ifukiwe ndani ya paipu ya plastiki. Tena, shaba inayounganisha majengo mawili huweza kuualika umeme wa radi kutoka jengo moja hadi jingine, hivyo pale fedha zinaporuhusu, au umbali unapozidi mita 100, itumike faiba, ambayo ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga na usiopitisha umeme. Faiba huhitaji kigeuzi kidogo kila upande, cha kugeuza mwanga kuwa ishara za umeme, na gharama ya vigeuzi hivyo haina budi kulinganishwa na gharama ya kununua vifaa vyote upya baada ya mvua ya radi.

Wa pili ni mwalimu wa Msambweni ambaye shule yake ina majengo mawili yaliyotenganishwa na uwanja wa mita 300 na barabara isiyoruhusiwa kuchimbwa. Hapa waya unasamehewa. Mwalimu ataihitaji jozi ya antena za kuelekezana, ambazo hulikusanya wimbi katika mwelekeo mmoja badala ya kulimwaga kila upande, na ambazo zinapaswa kuonana bila kizuizi. Kuonana kwa macho hakutoshi, kwa sababu wimbi hutanuka njiani: kwa gigahezi 5 na mita 300, katikati ya safari huhitaji uwazi wa takriban mita 2 kila upande wa mstari. Mnazi ulio pembeni mwa mstari wakati wa kaskazi utakuwa ndani yake kusi ikivuma, na majani yaliyolowa maji huumeza mtandao kuliko majani makavu, ndiyo maana mafundi wanaopima mwezi wa Februari husifiwa hadi masika, kisha hawapokei simu. Chumvi ya bahari nayo hula skrubu na viungio, hivyo vifungio vya chuma kisichopata kutu vinunuliwe mapema, na kila kiungio kizibwe barabara.

Wa tatu, wa Kinondo, anauliza kama anaweza kuukata mti mmoja unaozuia antena zake, na anataja, mwishoni kabisa mwa barua, kwamba mti huo umo ndani ya kaya. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Antena ihamishwe.

Wa nne ni mama wa Ukunda aliyeifungia ruta ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sinia na sufuria, na kuifunika kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi. Kitambaa kinaweza kubaki.

Wa mwisho ni bibi mmoja wa Diani ambaye shemeji yake amependekeza mtandao wa nyumbani upelekwe hadi vibanda vya jirani na kuuzwa kwa saa. Kiufundi hakuna pingamizi, kwani yote yaliyoelezwa juu yatamfaa. Kisheria, hata hivyo, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya humtaka mtoaji wa huduma za mawasiliano awe na leseni, na mikataba ya intaneti ya nyumbani kwa kawaida hukataza kuuza upya. Wenye nia ya kuuhudumia mtaa wao bila kutafuta faida walifunguliwa mlango mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilipotoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, yaani mitandao inayomilikiwa na kuendeshwa na wanajamii wenyewe. Barua ya shemeji haikutaja jamii mahali popote, bali ilitaja asilimia yake. Mpaka atakapoonyesha leseni, anyimwe nywila.