Kitunguu Saumu na Jamaa Zake

Katika nasaba yetu sisi watu wa Tanga hakuna aliyepata kulima kitu kisichoota chini ya mnazi. Lakini majaaliwa yaliponipatia kishamba huko Lushoto, penye baridi ipendwayo na vitunguu saumu, nilitia nia, nikaagiza mbegu za Mbulu, ambako zao hili lina wajuzi wake, nikaanza kazi.

Balaa la kwanza lilikuwa kibarua. Nilimwusia kwamba kila punje isimamishwe, kitako chini na ncha juu, naye, akiwa mtu mwenye rai zake, akanijibu kwa adabu, "Mzee, ikishafukiwa itajua yenyewe pa kwenda." Kweli ilijua, ila kwa kuzunguka sana, na lile tuta lake likatoa vitunguu vilivyopinda shingo kama watu wanaochungulia kwa jirani.

Miezi minne na ushei ikapita kwa salama, kwani hata mbuzi walionja jani moja, wakatafakari, wakaenda zao. Majani ya chini yalipokauka nilikatiza maji, nikavuna, nikavitandaza kivulini vikauke kwa wiki 3 kama ilivyo kanuni. Ndipo alipowasili mjomba wangu, mtu wa usafi asiyevumilia udongo hata shambani, akaviosha karibu nusu yake kwa maji ya mfereji, akavitia guniani vingali vibichi, kisha akaketi kungoja shukrani. Vikaota ukungu, vikaoza. Nami, kwa kuwa mjomba hakaripiwi, nilimwambia ahsante.

Vilivyosalimika nilivipakia basini kurudi Tanga. Kitunguu saumu kizima ni kitu cha staha, hakisumbui mtu. Harufu yake kali huzaliwa pale kinapopondwa, na bibi mmoja aliyeneemeshwa kiwiliwili alikikalia kikapu changu toka Mombo hata Muheza. Madirisha yakafunguliwa, utingo akadai nauli ya harufu, na shehe mmoja akatukumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, akauliza kwa utulivu kama hukumu hiyo yaenea hata kwa mabasi. Mjadala uliendelea hadi stendi, wala fatwa haikupatikana.

Mbegu bado ninazo, zile punje kubwa za nje ambazo ndizo hasa zifaazo kupandwa. Anayezihitaji na aje kwangu mapema, ila tafadhali asimpitie mjomba.