Tiketi kwa Dola, Mshahara kwa Shilingi

Ada ya muamala wa kigeni, yaani asilimia ambayo benki huongeza mteja wake anapolipa kwa kadi katika sarafu isiyo ya akaunti yake, ni miongoni mwa gharama chache ambazo wasafiri wa Afrika Mashariki huzichukia kuliko nauli yenyewe. Nauli ya dola 400 kutoka Dar es Salaam hulipwa kwa moyo mmoja na kusahauliwa, lakini dola 12 zinazotokana na ada ya asilimia 3 humkosesha mtu usingizi, akawasha kompyuta saa sita usiku kutafuta upenyo.

Chanzo cha adha hii ni kwamba nauli za kimataifa zinazoanzia Tanzania au Kenya kwa kawaida hupangwa kwa dola za Marekani, ilhali mshahara wa anayezilipa huingia kwa shilingi. Mashirika ya ndege, kupitia chama chao cha kimataifa IATA, hata yana kipimo cha kukokotolea nauli kiitwacho NUC, ambacho si noti wala sarafu na hakijapata kuonekana mfukoni mwa mtu yeyote, ingawa thamani yake hulingana na ya dola. Bei, kwa maneno mengine, huwa imekwisha kusafiri kabla ya abiria.

Mtego mashuhuri zaidi hutegwa kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo, pale ambapo msafiri amekwisha kuandika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, akakataa bima, akakataa kiti cha dirishani, akakataa hata gari la kukodi katika mji ambao hajaufikia. Chini ya jumla huonekana kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema, kikimkaribisha alipe kwa shilingi, na pembeni yake, kwa herufi za kijivu zinazodai miwani, pameandikwa kiwango cha kubadilishia fedha. Huduma hiyo, ambayo ni ubadilishaji wa sarafu unaofanywa upande wa muuzaji badala ya benki ya mteja, huficha nyongeza ndani ya kiwango, na nyongeza hiyo mara nyingi huizidi ada iliyokuwa ikikimbiwa. Umoja wa Ulaya uliona haja ya kuingilia kati, na tangu Aprili 2020 watoaji wa huduma hiyo huko hutakiwa kuionyesha nyongeza kwa asilimia, ikilinganishwa na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Msafiri wa Dar es Salaam huona shilingi, moyo ukatulia, akabonyeza. Isitoshe, zipo benki zinazotoza ada hata malipo yakifanyika kwa shilingi, kwa sababu tu muuzaji amesajiliwa ng'ambo, hivyo aliyekwepa mara moja hulipa mara mbili.

Wajanja hufungua akaunti ya dola. Hoja yao haina kasoro, kwa kuwa kadi ya dola ikilipa bei ya dola hakuna cha kubadilisha, ila dola nazo hazijioteshi kwenye akaunti: sharti zinunuliwe kwa kiwango cha kuuzia, ambacho daima huwa juu ya kile cha kununulia, ama zipelekwe mkononi hadi kaunta, ambako mteja hugeuka mtahiniwa. Noti huinuliwa kwenye mwanga, hupapaswa, hugeuzwa. Iliyochapishwa kabla ya 2006 mara nyingi hurudishwa kwa mwenyewe, yenye mkunjo mkali au alama ya kalamu hutiliwa shaka, na kwenye maduka ya kubadilishia fedha noti ndogo hupewa kiwango cha chini kuliko noti ya mia, japokuwa tano za ishirini ni mia hata kwa mtoto wa darasa la pili. Ikijumlishwa bodaboda ya kwenda na kurudi pamoja na makato ya kila mwezi ya akaunti, huenda dola 12 zikawa zimeokolewa kwa dola 15. Nchini Kenya, kadi ya mtandaoni inayounganishwa na M-PESA, iliyozinduliwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, imepunguza foleni, lakini sarafu bado hubadilishwa, ila sasa hubadilishwa mtu akiwa kitandani.

Kwa anayekata tiketi moja kwa mwaka, lililo nafuu ni kuiacha bei kwenye dola zake, kukubali asilimia ya benki na kulala mapema. Akaunti ya dola imfae anayelipwa kwa dola.

Hesabu hizi zote, hata hivyo, hupinduliwa safari inapofutwa. Shirika la ndege hurejesha dola zote 400 bila kupunguza hata senti, benki nayo huzipokea kwa kiwango cha siku hiyo, tena cha kununulia, na ada ya awali kwa kawaida hairudi, ndipo shilingi zinapotua zikiwa pungufu. Mteja akipiga simu benki huelekezwa kwa shirika la ndege, akipiga huko huelekezwa benki, na kila upande husema kweli tupu, huku muda wake wa maongezi ukiendelea kukatwa, angalau kwa shilingi.