Mvua Inanifaa, Wanasema

Waandishi wa mjini wameeneza uzushi kwamba mvua humfaa mtunzi. Eti wingu likitanda akili hutulia, mtu anajifungia ndani na kahawa yake, riwaya inamiminika. Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam hunipigia simu kila masika yakianza, kunipongeza kwa kuishi Mkange. "Una bahati wewe! Kimya, mvua, mbuga ya Saadani hapo jirani. Hadi Mei utakuwa umemaliza kitabu."

Rafiki huyu nyumba yake ina dari. Asiyewahi kulala chini ya bati tupu asinifundishe habari za kimya. Mvua ya Aprili ikishika, mke wangu akiwa chumba cha pili tunaongea kwa kupiga kelele kama makuli wa bandarini. Mhusika wangu mkuu alikusudia kumnong'oneza mchumba wake siri ya urithi, lakini kwa ngurumo ile ya bati sikuweza kuwasikia. Sasa wanaandikiana barua.

Ushahidi wao mkubwa hawa wapenda mvua ni Mary Shelley. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, vumbi na gesi zake zikapanda juu na kupunguza nguvu ya jua, na mwaka 1816 Ulaya ikakosa kiangazi. Binti huyo wa miaka 18 akafungiwa na mvua kando ya Ziwa Geneva, pamoja na Lord Byron na wenzao, wakapeana changamoto ya kutunga hadithi za kutisha. Kikazaliwa Frankenstein, kitabu kilichotoka mwaka 1818. Sawa, nimekubali. Ila Byron alikuwa amepanga jumba zima. Sijasoma popote kwamba Mary aliitwa atoke akaangalie kama mbuzi wameingizwa bandani.

Wala hakuna aliyempigia hodi amwandikie barua.

Hilo ndilo balaa langu halisi. Kijijini neno limeshasambaa kwamba mimi ni mwandishi, na mwandishi ni mtu wa kuandika, basi aandike. Masika huotesha mahindi na migogoro kwa pamoja. Ng'ombe wa fulani wameingia kwenye mpunga wa fulani. Nguruwe pori wamefukua muhogo usiku. Mpaka wa shamba, ambao kiangazi ulikuwa mti wa mkorosho, sasa umekuwa mto. Wote wanakuja kwangu, matope hadi magotini, wanaketi kwenye kiti changu pekee kikavu na kuanza kisa tangu enzi za babu zao. Nikiandika, wanataka niwasomee. Juzi mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa: "Mwanangu, imenyooka, lakini mtendaji akiisoma hatalia. Tia uchungu." Nikatia. Mhariri makini kuliko huyo sijampata, na alinilipa palepale, mahindi mabichi ya kuchoma. Lipo gazeti, sitalitaja, linalonidai makala kila wiki huku mimi nikilidai fedha tangu kabla ya vuli.

Usiku nao una mambo yake. Umeme ukikatika nategemea sola, na sola hula jua, nalo jua liko likizo. Nawasha koroboi. Kumbikumbi wanaingia kwa makundi, wanatua kwenye daftari, wanaacha mabawa katikati ya sentensi. Watoto wa jirani wanakuja kuwaokota wakakaange, na mpaka sasa ndio pekee walionufaika na taa ya mwandishi. Daftari lenyewe limelegea kwa unyevu, kalamu inalichana. Mke wangu akipita na jembe begani hunitupia jicho: "Baba watoto, hayo maneno yataota? Magugu yameshatushinda." Sina jibu, maana magugu kweli yametushinda.

Najaribu kujipa moyo kwa wakubwa. Shaaban Robert alitunga katika pwani hiihii. Alikuwa karani wa forodha, na Pangani alifanya kazi. Lakini karani ana mshahara. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari wetu aliyepata Nobel mwaka 2021, amevumilia baridi ya Uingereza miaka mingi, akifundisha Chuo Kikuu cha Kent. Ila baridi ya kwao inazuiwa mlangoni. Mvua ya kwangu inaingia sebuleni, na imetengewa beseni lake.

Msinambie nisubiri kipupwe. Juni mvua zikikatika, upepo wa kusi ukaanza, yanakuja mavuno, na baada ya mavuno harusi, muziki unapigwa hadi alfajiri. Msimu wa kuandika sijauona kwenye kalenda ya Mkange.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pongezi za mvua baki nazo. Ukipata safari ya kutoka Bagamoyo kuja huku, na kama bodaboda atakubali kuingia kwenye hayo matope, niletee turubai pana na misumari ya bati. Ukifika, uliza kwa mwandika barua. Ukiulizia mtunzi wa riwaya, watakwambia hapa hayupo.