Sifa za Mstaafu wa Kichwani

Wapo wanaoisema vibaya ndoto ya kustaafu mapema. Wanasema ni uvivu uliovaa tai, wanasema ni wizi wa muda wa mwajiri. Hayo ni maneno ya watu wasioijua. Mimi naijua vizuri, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiandikia hata mstari mmoja wa shukrani, nimeona niisifu leo, tena saa za kazi, ambako ndiko kwao hasa.

Tuanze na pesa. Sheria ya Tanzania inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55 na inamlazimisha akifika 60. Kabla ya hapo ni kuchangia tu, na pensheni ya kila mwezi inataka uwe na michango ya miezi isiyopungua 180. Kisha kuna kikokotoo, ile hesabu ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Mwaka 2018 kanuni mpya zilitaka malipo ya mkupuo yawe robo ya mafao. Makelele yakawa makubwa, Rais Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaisogeza hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu. Sasa ilinganishe na ndoto. Yenyewe inalipa mkupuo wote, asilimia mia, kila siku ya kazi, kuanzia kama saa nane mchana wali maharage unapoanza kulemea macho. Haitaki barua ya mwajiri wala picha mbili za pasipoti. Na mamlaka ya mapato haijaanza kuikata kodi, ingawa nasema hivi kwa sauti ya chini.

Halafu ndoto hii ni mkulima hodari. Karibu kila ofisi ina kompyuta yenye faili la Excel lililopewa jina la kuchosha makusudi, tuseme “Taarifa ya robo mwaka, rasimu ya 3”, ili asitokee mtu wa kulifungua. Lifungue. Safu ya kwanza ina kuku majike 50 na majogoo 5. Ya pili ina mayai, ya tatu vifaranga, na ukishuka hadi Desemba ya mwaka wa pili, kuku wameshaijaza Mkuranga nzima wanaelekea Kibiti. Hakuna safu ya mdondo. Hakuna kicheche, hakuna mwewe, na bei ya pumba haijapanda tangu faili lilipofunguliwa. Pembeni kuna bajaji mbili zinazoleta hesabu kila jioni, hadi sikukuu ya Idi, na dereva hajawahi kupiga simu kwamba kakamatwa na trafiki. Chini kabisa kuna ekari tatu za matikiti yanayoiva Ramadhani bila kukosea hata siku moja. Nitajieni bwana shamba mwenye mavuno kama hayo.

Vijana siku hizi wameiongezea elimu ya Marekani. Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alipitia takwimu za hisa na hatifungani za kwao kuanzia 1926. Akaona kwamba mstaafu akichota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anapandisha kiasi hicho kufuata mfumuko wa bei, akiba humfikisha miaka 30. Geuza hesabu hiyo na utaona unatakiwa kuwa na akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Mtu wa Tabata anayetumia shilingi 1,500,000 kwa mwezi anahitaji 450,000,000. Mwenye roho nyepesi angekata tamaa. Mwotaji anashukuru, maana lengo kubwa kiasi hicho halimtaki aanze mwezi huu. Mwezi huu kuna ada, kuna msiba wa Singida, na kuna kadi ya mchango wa harusi ya binamu, ambayo kamati imeshaiandikia kima cha chini. Bengen hakuiweka kamati ya harusi kwenye hesabu zake; Wamarekani wana bahati zao.

Anayefaidi kuliko wote ni mwajiri, na sijui kwa nini hasemi asante. Mwenye ndoto hagombani na mtu. Kikao cha kupanga kikao cha Ijumaa anakikalia huku akitabasamu. Bosi anadhani wamekubaliana, kumbe mwenzake yuko bandani anaokota mayai. Akinyimwa nyongeza haendi chama cha wafanyakazi. Anafungua faili, anabadilisha umri wa kustaafu kutoka 45 kuwa 47, anahifadhi, anarudi kujibu barua pepe. Makampuni hulipia semina za hotelini ili kupata mtumishi mtulivu namna hiyo.

Isitoshe, ndoto hii ina adabu kuliko kutimia kwake. Hebu mwanamume wa miaka 42 astaafu kweli, aonekane Jumatatu saa nne asubuhi amekaa barazani na kaptula. Mtaa mzima una tafsiri moja: amefukuzwa, na bila shaka kuna hela zimepotea. Mangi wa dukani ataacha kumkopesha sukari. Shangazi ataanza kumtafutia kazi kwa diwani. Ndugu watagawana muda wake: “Si hauna kazi? Mpeleke mama Muhimbili.” Mwisho wa mwezi atakuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kuhudumia ukoo mzima, bila mshahara na bila likizo. Aliyebaki ofisini akiota hayamfiki haya. Heshima yake ipo, mkopo wa sukari upo, na kuku wanaendelea kuongezeka.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwako msomaji. Ukipita nyuma ya mwenzako ukamwona anafunga ukurasa haraka, usimcheke wala usimsemee kwa bosi. Na usimkope, hela yote ameiweka kwenye kuku.