Samaki Hawali, au Goti Halitaki?

Msikie mzee wa Minnesota mwezi wa Oktoba: utadhani baridi ni mtani wake. Ngoja Januari ifike. Nyuzijoto 20 chini ya sifuri, Ziwa Mille Lacs limeganda hata magari yanapita juu yake, naye kaganda dirishani na kikombe cha kahawa, ati samaki wa siku hizi hawali. Haya, siku akijikokota mpaka ziwani, anajifungia kibandani penye hita, kochi na televisheni, mshipi ukining'inia kwenye tundu la barafu. Kikengele cha mshipi kinalia, mwenyewe anakoroma. Jioni anamtanulia mkewe mikono kumwonyesha ukubwa wa samaki aliyemponyoka. Mama wa watu, wala hageuki, anatoa minofu ya dukani kwenye friji.