Jino la Mzee wa Oregon



Huku Oregon kila mtu ni mzima, isipokuwa mzee mmoja, jirani wa mwandishi wenu, ambaye amevunjika jino. Si la kinywani. Ya kinywani yaliisha zamani, akatengenezewa ya bandia, na nyama anatafuna bila wasiwasi. Lililovunjika ni jino la gurudumu linalovuta mnyororo wa gari lake la theluji. Kulitafutia hilo la bandia kumemlia majira ya baridi yote, sehemu nzuri ya akiba, na kiasi fulani cha mapenzi ya mkewe.

Kwa mnaoijua theluji ya kilele cha Kilimanjaro tu, tena kwenye kalenda: gari hili halina matairi. Lina minyororo mipana inayosambaza uzito, hivyo chombo cha tani kadhaa kinapita juu ya theluji ambayo mtu akiikanyaga anazama hadi kiunoni. La mzee ni Tucker Sno-Cat la miaka ya 1950, rangi ya chungwa, na minyororo yake ni minne, kila mmoja ukizunguka boya lake la chuma. Ukikata kona, ekseli ya mbele na ya nyuma zinageuka zote mbili. Ndani kuna kelele ambayo mzee anaiita muziki.

Msicheke. Magari manne ya aina hiyo ndiyo yaliyomvusha Mwingereza Vivian Fuchs bara zima la Antaktika. Msafara uliondoka Novemba 24, 1957, ukafika Scott Base Machi 2, 1958: siku 99, karibu kilomita 3,470, na yote manne yalifika, ingawa njiani kuna lililowahi kuning'inia juu ya ufa wa barafu. Edmund Hillary alikuwa amekwisha kutangulia kwenye Ncha ya Kusini kwa matrekta ya shamba ya Ferguson. Jambo hilo halitajwi mbele ya mwenye Tucker, hasa kama ndiye aliyekukaribisha chai.

Sasa mtauliza: si aende kiwandani? Kiwanda kipo, katika jimbo hilihili, mjini Medford, na bado kinaunda magari mapya. Lakini mapya yanatembea kwa minyororo ya mpira, na magurudumu yake hayaingii kwenye gari la enzi za Fuchs. Injini si tatizo. Ya mzee ni ya Chrysler, na kwa injini ya zamani ya Kimarekani utapata hata mtu wa kukuuzia gasketi usiku wa manane. Kazi ipo chini ya sakafu, kwenye vyuma ambavyo havikuwahi kufungwa kwenye gari jingine lolote.

Hata hivyo yeye ana nafuu. Rafiki yake ana gari la kampuni ya Thiokol, na wenye Thiokol ndio yatima hasa. Kampuni hiyo ilizaliwa kutokana na wakemia wa Kansas City waliokuwa wakitafuta dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande, wakaambulia mpira unaonuka vibaya mno. Mpira wa jamii hiyo baadaye ukafaa kushikanisha mafuta magumu ya roketi, kampuni ikatajirika, na ikiwa huko kwenye roketi ikaunda pia magari ya theluji mjini Logan, Utah. Mwaka 1978 biashara hiyo ya theluji ikanunuliwa na John DeLorean, yuleyule wa gari lenye milango ya kufungukia juu. Ikabadilishwa jina, na mwaka 2000 ikafungwa. DeLorean mwenyewe alifariki mwaka 2005. Rafiki wa mzee bado anayo namba ya simu ya kiwanda, imeandikwa kwenye bati lililopigiliwa ndani ya mlango. Huwa anaitazama.

Wazee wa Kongwa wangewaelewa watu hawa. Ule mradi wa karanga wa Waingereza ulileta huko Kongwa, Tanganyika, matrekta yaliyotumika vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na spea zikawa msiba mmoja baada ya mwingine. Tofauti ni kwamba Kongwa waliacha. Mzee haachi.

Kwanza aliita fundi wa kuchomelea. Jino likashika, likapendeza, likavunjika tena palepale. Chuma cha kusubu cha kawaida, kama cha gurudumu hilo, kina kaboni iliyokaa ndani yake kwa vipande bapa, na ufa ukishaanza hufuata vipande hivyo kama njia iliyofyekwa. Ukikichomelea bila kukipasha moto taratibu na kukipoza taratibu, unakitengenezea ufa mpya kando ya ule wa zamani. Kwa hiyo ikabidi gurudumu lisubiwe upya, na hapo ndipo mwandishi wenu, aliyekuja kushika tochi tu, akapata elimu.

Yeyote atadhani ni rahisi: bonyeza gurudumu kuukuu kwenye mchanga, litoe, mimina chuma. Lakini chuma kikiganda kinapungua. Cha kusubu hupungua kama asilimia moja, feleji kama mbili. Gurudumu la sentimita 40 litatoka limepungua milimita nne, na la feleji nane, na meno yake hayatalingana tena na mnyororo. Hapo hujahesabu kwamba hilo kuukuu lenyewe lilishalika kwa zaidi ya miaka sitini. Lazima kiolezo, yaani kile kinachobonyezwa mchangani, kiwe kikubwa kuliko kitu chenyewe, na tundu la shafti liachiwe nyama ya kukerezwa baadaye.

Ndiyo maana mafundi wa violezo wana rula yao ambayo sentimita zake zimerefushwa makusudi. Ni rula ya uongo, inauzwa kwa risiti, na mzee anayo. Mkewe aliikuta mezani akapimia dirisha, mapazia yakaja mafupi. Yale mapenzi yaliyotajwa hapo juu yalipotelea hapo.

Siku hizi inawezekana kuliskani gurudumu, kulikuza kwenye kompyuta, na mashine ikachapa kalibu ya mchanga tabaka kwa tabaka bila kiolezo cha mbao. Pia hakuna haja ya kurudia chuma kilekile. Ukitia magnesiamu kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka, kaboni inajikunja kuwa vidonge, na chuma kinapinda kabla ya kuvunjika. Ujuzi huo ni wa miaka ya 1940, na kwa maoni ya mwandishi wenu ndio unaostahili kulipiwa kabla ya skani yoyote.

Kinachoumiza ni idadi. Hakuna tanuri linalofurahia kuwashwa kwa ajili ya gurudumu moja. Gharama kubwa iko kwenye kiolezo, na kiolezo hakijali kama kitasubu moja au hamsini. Basi mzee akawatafuta wenye Tucker wenzake, jimbo hadi jimbo, ikawa kamati ya harusi kamili: ahadi zimeandikwa kwenye daftari, mweka hazina kachaguliwa, na kila mtu kaahidi kwa sauti. Siku ya kulipa, mmoja simu yake haipatikani, mwingine amefiwa na mjomba, wa tatu anauliza kama kuna bei ya mwanakamati.

Hatimaye pesa zikachangwa. Magurudumu yakaja kwa lori, mazito, meusi, yananuka mchanga ulioungua. Mzee alipiga lake kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akatabasamu kwa yale meno yake ya bandia. Wiki ileile ikafunguliwa orodha nyingine, safari hii ya kifuniko cha difu, na wa kwanza kuandika jina ni yule ambaye simu yake ilikuwa haipatikani.