Mwongozo wa Kumiliki Pikapu ya Dizeli Yenye Pampu Inayojitafuna

Ukienda kununua pikapu kubwa ya dizeli nchini Marekani, usianze na rangi wala viti vya ngozi. Uliza pampu. Ford Super Duty yenye injini ya lita 6.7 kuanzia toleo la 2011, Chevrolet Silverado na GMC Sierra zenye Duramax ya lita 6.6 za 2011 hadi 2016, Ram za Cummins za 2019 na 2020: zote zilitoka kiwandani na pampu ya presha kubwa ya Bosch iitwayo CP4. Muuzaji atakutajia gari linavuta tani ngapi. Mwache amalize. Kisha mwulize pampu ikifa barabarani nani atalipa, na umsikilize anavyobadilisha mazungumzo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetegemea gari hilo kula: anayevuta trela la mizigo Texas, anayepeleka mashine za shamba Iowa, anayelipa mkopo wa gari kila mwezi na hana gari la pili. Kwake injini ikizima hana cha kupeleka sokoni.

Anza kwa kuijua pampu yenyewe. CP4.2, aina ya CP4 iliyofungwa kwenye pikapu hizi, ina pistoni mbili. Kamshafti inazunguka, rola inaviringika juu yake, rola inasukuma pistoni, na pistoni inaibana dizeli hadi kupita bar 2,000 ndipo iende kwenye nozeli. Kazi yote hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe. Oili ya injini haifiki humo ndani. Ubovu unaolalamikiwa uko kwenye kikombe kinachoishika rola. Kikombe hicho kinaweza kujigeuza. Kikijigeuza, rola haiviringiki tena bali inaburutwa, kama gurudumu la mkokoteni lililolazwa ubavu huku punda anaendelea kuvuta. Chuma kinasaga chuma. Unga wake unaingia kwenye mabomba, kwenye reli ya mafuta, kwenye kila nozeli, na kwa kuwa dizeli iliyozidi hurudi ilikotoka, unga unafika mpaka kwenye tangi. Ndiyo maana fundi hakuuzii pampu peke yake. Anakuuzia pampu, nozeli zote, mabomba na kusafisha tangi, na bili ya dola 10,000 si kitu cha kushangaza.

Injini nayo haikuagi. Inazima gari likiwa kwenye mwendo, na usukani unakuwa mzito mkononi. Fikiria hilo likitokea kwenye barabara kuu, na trela la tani kadhaa likiwa nyuma yako.

Sasa jifunze somo la mafuta, kwa sababu ndiko utakakopelekwa kulaumiwa. Kuanzia 2006 Marekani iliingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Hewa ilifaidika, na hilo ni jambo jema. Lakini njia ya kuondoa salfa huondoa pia vitu vya asili vinavyoifanya dizeli iteleze, kwa hiyo wasafishaji mafuta hulazimika kurudisha ulainishi kwa viongezi. Maabara hupima kwa kusugua kigololo cha chuma juu ya bamba lililozama kwenye dizeli, kisha kupima kovu linalobaki: kovu likiwa kubwa, dizeli inalainisha vibaya. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu kovu lisilozidi maikromita 460. Cha Marekani kinaruhusu 520. Pampu ya CP4 ilizaliwa Ulaya, kwenye dizeli ya Ulaya, kisha ikafungwa kwenye magari yatakayokunywa dizeli ya Nebraska na Oklahoma maisha yao yote.

Kampuni iliyoweza kuunda pikapu ya kuvuta zaidi ya tani 15 ilijua dizeli inayouzwa kwenye vituo vya nchi hiyo. Viwango hivyo vimechapishwa na mhandisi yeyote anaweza kuvisoma. Basi mwenye gari akiambiwa ameweka mafuta mabaya, na risiti yake inaonyesha alijaza kwenye kituo halali mafuta yanayoruhusiwa na sheria, huo ni utovu wa adabu, na aitendee kauli hiyo hivyo.

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kataa kuitwa mchafu.

Gari likivutwa hadi gereji ya wakala, neno utakalolisikia kwanza ni kwamba mafuta yako yana uchafu au maji. Neno hilo lina thamani kubwa kwao, kwa sababu dhamana hailipii mafuta mabaya. Ford na GM hutoa kwa injini zao za dizeli dhamana ya miaka 5 au maili 100,000, na sentensi moja ya "mafuta yana maji" inatosha kuihamisha bili kutoka mezani kwao hadi mfukoni mwako. Usibishane kwa sauti. Bishana kwa karatasi.

Kwanza, kabla hawajagusa tangi, sema kwa maandishi kwamba unataka sampuli ya mafuta, chupa mbili za kioo safi, moja yao na moja yako, zote zikifungwa mbele yako. Yako ipeleke maabara ya kujitegemea. Kipimo cha maji na ulainishi kinagharimu kidogo mno ukilinganisha na bili inayokusubiri. Waombe wakuonyeshe vipande vilivyotoka kwenye chujio na kwenye pampu, uvipige picha. Kutu ni kutu na inaonekana. Vipande vinavyong'aa kama pambo la sherehe ni chuma cha pampu kilichojisaga, na kituo cha mafuta hakiuzi chuma. Kisha omba barua ya kukataa dhamana, yenye matokeo ya vipimo vyao na jina la aliyeamua. Wengi wanaokataa kwa mdomo hulegea wakiombwa waandike.

Weka risiti za mafuta. Ndiyo, zote, hata ile iliyofifia kwenye droo ya gari. Weka risiti za vyujio pia, na namba ya maili kila ulipobadilisha. Wakikuambia dhamana imekufa kwa sababu ulibadilisha oili kwa fundi wa mtaani au ulifunga kifaa kisicho chao, wakumbushe sheria ya Magnuson-Moss ya 1975: hawawezi kuifuta dhamana kwa sababu hiyo tu, mpaka waonyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilichosababisha uharibifu. Taja jina la sheria pole pole, na mwaka wake.

Baada ya hapo lalamika panaposikika. Kulalamika kwa shemeji na kwa majirani kunapoza moyo lakini hakurudishi gari kiwandani. Panaposikika ni NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, ambayo hupokea malalamiko ya mwenye gari yeyote bila malipo. Wapo wanaosema sauti ya mtu mmoja haina uzito. Waambie kisa cha Ram. Oktoba 2021 NHTSA ilifungua uchunguzi uliogusa pikapu za Cummins takriban 600,000, na uchunguzi huo ulianza na malalamiko ya wenye magari ishirini na kitu tu. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza wito wa kurejesha zaidi ya magari 222,000 ya 2019 na 2020. Watu wasiotosha kujaza basi moja waliyasogeza magari laki mbili. Mwaka 2022 ukafuata wito mwingine, safari hii wa Ram 1500 na Jeep Grand Cherokee zenye dizeli ya lita 3.0.

Na dawa iliyotolewa kwa zile Ram za Cummins? Kurudishiwa CP3, pampu ya kizazi kilichotangulia, yenye pistoni tatu, ile ile iliyokuwa ikifanya kazi kabla mtu hajaona haja ya kuibadilisha. Ram za 2021 zilikuwa tayari zimerudi kwenye CP3 kutoka kiwandani. GM nayo ilipoleta Duramax mpya ya 2017 ilifunga pampu ya Denso. Ukitaka kujua wahandisi wanaifikiriaje CP4, tazama walichokifunga baadaye.

Wito ukitoka, soma masharti, kwa sababu una haki ambazo hakuna atakayekuimbia. Kazi ni bure kama gari halijapita miaka 15. Barua kwa wenye magari hutakiwa kutumwa ndani ya siku 60, lakini huenda kwa jina na anwani iliyosajiliwa. Uliyenunua mkononi mwa mtu, au ukahama Dallas kwenda Des Moines bila kubadilisha anwani, barua yako inasomwa na mtu mwingine. Kwa hiyo usingoje barua. Chukua namba ya chasisi, herufi na tarakimu 17, uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya NHTSA mara mbili kwa mwaka. Na kama ulilipa matengenezo hayo kutoka mfukoni kabla wito haujatoka, kampuni hutakiwa kuwa na utaratibu wa kukurudishia fedha. Risiti zile za kwenye droo ndizo zitakazokulipa.

Anayenunua pikapu ya namna hii ili aipeleke nyumbani kwa kontena, Bujumbura au Lubumbashi ambako watu huendesha upande wa kulia, amalize kazi ya wito kabla gari halijapakiwa. Meli ikishaondoka hakuna wakala wa Marekani atakayeifuata.

Wakati huo huo, mlinde mnyama wako. Toa maji yaliyo kwenye chujio kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na badilisha chujio mapema kuliko kinavyosema. Ukifungua chujio, mwaga mafuta yake kwenye sahani nyeupe uyamulike kwa tochi: ukiona vimetameta vya chuma, usiwashe injini tena, ita gari la kuvuta. Kuna seti za mabomba zinazobadilisha njia ya dizeli ili pampu ikifa unga wake urudi kwenye tangi badala ya kwenda kwenye nozeli. Haziiokoi pampu, zinaziokoa nozeli, na tofauti hiyo ni maelfu ya dola. Weka kiongezi cha ulainishi chenye matokeo ya maabara yaliyochapishwa, si chenye picha ya simba kwenye chupa. Bayodizeli nayo hulainisha vizuri, hata asilimia 2 tu inasaidia sana. Minnesota inalazimisha kwa sheria asilimia 20 wakati wa joto na 5 wakati wa baridi. Wa majimbo mengine asome kwanza kitabu cha gari ajue injini yake inaruhusu kiasi gani.

Duramax za 2011 hadi 2016 hazikupata wito wa pampu hii. Wenye nazo walikwenda mahakamani Michigan, na 2024 kesi ikaisha kwa mapatano ya dola milioni 50, kwa walionunua katika majimbo 7 tu: California, Florida, Illinois, Iowa, New York, Pennsylvania na Texas. Wa Ohio mwenye gari lile lile na pampu ile ile hakuhesabiwa. Hiyo si haki, na ndiyo sababu njia ya mahakama haitoshi. Mapatano hulipa baadhi ya waliokwisha umia. Wito wa NHTSA huifungua pampu kabla haijamzimia mtu katikati ya barabara, na huwafikia wenye magari wa majimbo yote 50.

Basi kama pampu yako imewahi kufa, andika malalamiko NHTSA leo, pamoja na namba ya chasisi, tarehe, mwendo uliokuwa nao na mahali injini ilipozima. Andika hata kama gari limeshatengenezwa. Andika hata kama umeshaliuza, kwa sababu aliyelinunua anaendesha pampu ya aina hiyo hiyo.